Fundi Pandu na Nyumba Isiyo na Baraza

Saa moja ya asubuhi. Jua bado limejificha nyuma ya minazi ya Fukwani, na fundi Pandu Silima keshaingia shimoni. Suruali ameikunja mpaka magotini, kofia ameitundika kwenye mti wa uzio, na anakanyaga udongo mwekundu uliolowekwa tangu jana. Anauzunguka kwa kisigino, anainama, anachota donge, analisugua baina ya vidole viwili, analinusa.

"Bado haujalainika," anasema, na kuendelea kukanyaga.

Nyuma yake, ndani ya uzio wa makuti, zimesimama nyumba nne zisizofanana na nyumba yoyote inayojengwa Unguja siku hizi. Ni ndogo, paa zake zimeshuka chini hata mtu mzima huinama kuingia, hazina dirisha wala msumari hata mmoja, na mlango ni kipande cha jamvi. Zimesimamishwa mwaka jana na mwaka huu wa 1972, lakini ramani yake ina umri wa miaka elfu moja.

Shimo la udongo, hata hivyo, liko nje ya uzio. Kwa nini liko nje, na kwa nini mzee huyu hataki mtu mwingine alikanyage, ndiyo habari yenyewe.

Fukwani ni uwanda mdogo upande wa pwani wa barabara ya Bububu, mbele kidogo ya magofu ya jumba la Mtoni. Palikuwa mahali pa minazi na mihogo tu, mpaka mkulima mmoja akichimba shimo la mche alipotoa vigae vyeusi vilivyochorwa pembetatu pembetatu shingoni. Wataalamu wakaja na kamba zao na brashi zao. Wakakuta mashimo ya nguzo, shanga, mifupa ya samaki tele, na madongo ya ukuta yaliyoungua moto yakawa magumu kama tofali. Madongo hayo bado yana alama za fito, na mengine yana alama za vidole vya watu waliokandika.

Ndipo likazuka wazo la kukijenga upya kijiji hicho, kando ya pale palipochimbwa, ili wanafunzi wakione kwa macho badala ya kukisoma ubaoni, na wageni wachache wanaoteremka melini wapate cha kutazama zaidi ya milango ya Mji Mkongwe.

Mwenye wazo ni Mwalimu Khelef Ghanim, mwalimu wa historia mwenye miaka thelathini na kitu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Miaka michache baada ya Mapinduzi alikwenda masomoni Ulaya ya kaskazini, na huko siku moja wanafunzi walipelekwa kutazama kijiji cha Waviking. Hao walikuwa mabaharia na wakulima wa nchi za baridi waliotajika, miaka elfu iliyopita, kwa vyombo vyao na kwa ukorofi wao. Kijiji chenyewe kilishaoza zamani. Lakini watu wa huko walifuata mashimo ya nguzo, wakazisimamisha nyumba kwa miti ya aina ile ile na shoka za aina ile ile, na sasa wageni wanalipa kiingilio kwenda kumtazama mtu akikoroga uji.

"Nlisimama pale nnatetemeka kwa baridi," anasema Mwalimu, "nikawaza, wakati hawa wanajenga hivi, kwetu walikuwa wakijenga vipi? Na nani atanionesha?"

Aliyemwonesha ni Pandu.

Fundi Pandu anakaribia miaka sitini. Alizaliwa Uroa, akaja mjini kijana na shoka ya baba yake, na tangu hapo hajafanya kazi nyingine ila kusimamisha nguzo, kusuka fito na kukandika. Ukipita naye Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, utachelewa kufika unakokwenda, maana kila baada ya hatua chache anasimama akaonesha ukuta. Huu wake. Ule si wake, ndiyo maana umepinda.

Miaka ya karibuni kazi ilikuwa imemkauka. Mwenye fedha anataka matofali ya saruji na bati, asiye nazo anakandika mwenyewe. Kuna masika nzima, anasema, ambayo yeye na mkewe walikula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na katikati wakazungumza habari za muhogo. Ujira wa Fukwani ukaja wakati wake. Ukimwuliza kiasi gani anacheka. "Unatosha mchele na samaki. Ukitaka kujua zaidi muulize Mama Wanu, ndiye anayeufunga kwenye pindo la kanga."

Mama Wanu ni mkewe, Bi Shemsa, ambaye ndiye aliyeshona makuti yote ya nyumba nne hizo.

Alipoletwa hapa mara ya kwanza, Pandu alidhani anafanyiwa mzaha. Kuna sharti la Mwalimu ambalo wafanyakazi wote walilijua kabla ya kujua choo kilipo: ndani ya uzio hakiingii kitu ambacho ardhi haikukitolea ushahidi. Hapakupatikana msumari, basi hakuna msumari. Hapakupatikana bawaba, mlango ni jamvi. Nguzo zipangwe vile vile zilivyopangwa zamani, hata kama fundi anaona zimekaribiana mno.

"Nikamwambia, Mwalimu, huyu aliyejenga hapa alikuwa mwoga wa upepo," anakumbuka. "Nguzo zimebanana! Akanijibu, sawa, nasi tuwe waoga vivyo hivyo."

Lakini kazi ilimwingia. Alianza kuuliza. Walikatia nini fito? Akapewa kisu kifupi cha chuma, mfano wa kile kilichochimbuliwa, akakata fito siku nzima mpaka kiganja kikavimba, na jioni akasema amemwelewa jamaa kwa nini alipenda fito nyembamba. Walifungia nini? Kamba za makumbi ya nazi. Akasokota mwenyewe. Akawa anawahi Fukwani kabla ya Mwalimu, anachutama juu ya mashimo ya kale kama mtu aliyedondosha kitu.

Na hapo ndipo alipoligundua shimo la makosa.

Katika nyumba ya tatu ya kale kuna mashimo mawili ya nguzo yaliyokaa ubavu kwa ubavu. Moja liko kwenye mstari, jingine limetoka nje kidogo. Lililotoka nje halikuwa na chembe ya mti uliooza, lilijaa udongo mtupu. Wataalamu walikuwa wameandika kuwa halijulikani ni la nini. Pandu alilitazama, akacheka mpaka akakaa chini.

"Fundi mwenzangu alikosea hapa," alisema. "Alichimba, akapima kwa jicho, akaona nguzo itatoka kwenye mstari, akalifukia akachimba jingine. Kosa hili nshalifanya mara ngapi! Na pengine mwenye nyumba alikuwa kasimama pale, kashika kiuno, anamtazama."

Mwalimu aliona maneno hayo yana mashiko, akamtaka alichimbe na kulifukia shimo hilo pia katika nyumba mpya. Pandu akagoma kwanza. Nani amesikia mtu kuajiriwa kujenga kosa la mwingine? Mwisho alilichimba. Mpaka leo akifika nyumba ya tatu hupagusa pale kwa kidole cha mguu, salamu ya fundi kwa fundi.

Sasa tuje kwenye baraza.

Nyumba ya Pandu mwenyewe iko Ng'ambo. Aliijenga mwaka aliooa, na mbele yake, huku na huku ya mlango, akaweka baraza la mawe na udongo, refu la kutosha watu wanane, au tisa kama mmoja ni Masoud, ambaye ni mkonda. Masoud ni jirani yake na mwendesha gari la ng'ombe. Baada ya sala ya alasiri huja kukaa mwisho wa baraza, upande wa kushoto, mahali pale pale, kwa zaidi ya miaka ishirini. Hapo watu hunywa kahawa, hucheza dhumna, hugombana na hupatana. Hapo alipoposwa binti yake Wanu. Hapo alipokaa watu wakimpa mkono wa tanzia, mama yake alipofariki.

Mwaka jana wakaazi wa mtaa ule waliarifiwa kuwa nyumba zao zimo katika mstari wa majumba mapya ya ghorofa. Zitavunjwa, na wenyewe watapewa makaazi humo humo ghorofani. Pandu na mkewe walikwenda kuitazama ya kwao. Ina mfereji wa maji ndani, ina taa ya umeme, ina jiko la kusimama.

"Mie nlifungua maji nikafunga, nikafungua nikafunga," anasema Bi Shemsa. "Miaka yote nnateka maji bombani kwa ndoo! Nlitaka kuhamia siku ile ile."

Mumewe naye alifurahi, wala hafichi. Aligonga ukuta, akasifu kazi. Kisha akatoka nje ya mlango, akajikuta kwenye ngazi. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akamuuliza kijana aliyekuwa akiwatembeza, "Baraza liko wapi?"

Kijana akamwonesha roshani.

"Roshani ni ya kumtazama mtu kwa juu," anasema Pandu. "Nimtazame Masoud kutoka juu, kwani mie kunguru? Ntampaje kahawa?"

Maneno hayo yalimkaa rohoni, na ndiyo aliyokuwa nayo siku Mwalimu alipomhadithia habari za Waviking. Pandu alikuwa juu ya paa la nyumba ya nne akifunga makuti. Aliteremka ili asikie vizuri.

"Wao waliezekea nini?"

"Majani makavu. Kwengine waliweka mabonge ya udongo na nyasi zake mbichi zinaota juu."

"Juu ya paa? Mbuzi akipanda je?"

"Nadhani walikuwa wakipanda."

"Makubwa! Na mgeni akija, akikaa wapi?"

"Ndani. Nje baridi inaua. Kandokando ya ukuta, huku na huku, walijenga mabaraza marefu ya udongo. Ndipo walipokaa, na usiku ndipo walipolala."

Pandu alichukua kamba yake. Alipanda tena juu ya paa, na Mwalimu akadhani mazungumzo yamekwisha.

Wiki ile Mwalimu alisafiri kwenda Pemba kwa kazi. Aliporudi, akapita mlango wa uzio, akaona mbele ya nyumba ya kwanza baraza. Limekandikwa, limesiribwa kwa udongo laini, limekauka, pembe zake zimezungushwa kwa kiganja. Kazi safi kabisa, ila haikuwa na shahidi hata mmoja wa ardhini.

"Shikamoo, Mzee Pandu."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Kaa."

Mwalimu hakukaa. Wafanyakazi waliokuwapo wanasema miwani yake ilitota jasho.

"Hili limetoka wapi?"

"Limetoka kwa mtu mwenye adabu," alijibu Pandu. "Watu wa barafu wana baraza, wazee wetu wasiwe nalo? Watoto wakija hapa watasema nini? Watasema babu zao walikuwa wakimsimamisha mgeni juani."

"Mzee wangu, sisi hatuijengi heshima yao. Tunaijenga nyumba yao. Tukianza kuongeza tunachokipenda, mwakani mtu atataka saa ya ukutani."

"Saa na baraza ni mamoja?"

"Kwa hapa, ni mamoja."

Ulikuwa ugomvi wa kweli, ingawa hakuna aliyepandisha sauti. Mwalimu alijua wakaguzi wangekuja kabla ya kijiji kufunguliwa, na kwamba wakikuta kitu kimoja cha kubuni watatilia shaka vyote, hata lile shimo la makosa. Pandu alijua jambo moja tu. Kwake baraza linavunjwa. Kwenye ghorofa halipo. Na hata huku, miaka elfu nyuma, anaambiwa halikuwapo. Alihisi anafungiwa njia mbele na nyuma.

"Nliona kama ananiambia baraza ni uzushi wangu," anasema. "Kwamba nlilala nikaamka nikalibuni, na nikifa limekwisha. Iliniuma, sitaki kusema uongo."

Kwa siku mbili hawakusemezana ila kwa salamu. Siku ya tatu Mwalimu alimjia akiwa na sururu ndogo na brashi.

"Mzee Pandu, mbele ya mlango wa nyumba ya kwanza, ile ya kale yenyewe, hatujachimba. Tulichimba ndani na nyuma tu. Twende tukatazame. Likiwapo baraza, hili lako linabaki na ntakuomba radhi mbele ya watu wote."

"Na lisipokuwapo?"

"Hapo utaamua wewe."

Walichimba pamoja. Mwalimu alichota udongo kwa kijiko na Pandu alichekecha. Si kazi ya haraka. Kila Mwalimu alipofikia kitu kigumu, fundi aliinama mpaka kofia ikaanguka.

Hapakuwa na mawe yaliyopangwa. Hapakuwa na donge la baraza. Walipofika chini kabisa wakakuta ardhi imeshindiliwa ngumu, nyeusi, inang'aa kama sakafu iliyopigwa. Na juu ya ardhi hiyo, kushoto na kulia ya mlango, vilikuwa vimetapakaa vitu vidogo vidogo, vingi kuliko walivyowahi kuvikuta ndani ya nyumba: miba ya samaki, maganda ya chaza, shanga mbili za bluu, chuma cha ndoana, jiwe lililochakaa kwa kunolewa visu.

"Nini hii?" aliuliza Pandu.

"Wewe unaonaje?"

Pandu aliipapasa ile ardhi kwa kiganja. Halafu akainuka, akaenda akakaa chini, pale pale penye ardhi nyeusi, mgongo kwenye mstari wa ukuta ambao haupo tena, miguu ameinyosha mbele.

"Walikaa," alisema. "Walikaa chini, hapa mlangoni. Huyu anakula samaki, huyu ananoa kisu, yule kakatikiwa na shanga. Walikaa, Mwalimu!"

"Walikaa," Mwalimu aliitikia, naye akakaa upande wa pili wa mlango.

Katika vigae vya siku ile kimoja kilikuwa kitako cha chungu, na chini yake zilionekana alama za ukili. Mfinyanzi alikuwa amekitua juu ya mkeka kikiwa kibichi. Kigae hicho kilimfurahisha Bi Shemsa kuliko kitu kingine chochote kilichotoka Fukwani. Alikigeuza, akafuata msuko kwa ukucha, akatangaza kuwa aliyeusuka alikuwa na haraka. Shahidi alikuwa amepatikana. Nyumba nne za kijiji cha kale zina mikeka mbele ya mlango leo, na ni yeye aliyeisuka, bila ya haraka.

Na lile baraza? Pandu hakungoja kuambiwa. Asubuhi ya pili alichukua jembe, akaanza upande mmoja. Mwalimu alipotaka kumsaidia alimzuia.

"Nlijenga peke yangu. Wacha nivunje peke yangu."

Alipomaliza, mbele ya nyumba ya kwanza ilibaki alama nyekundu, pana kama kitanda. Aliifagia, haikutoka. Mwalimu alimwambia asihangaike, haitatoka. Atakayechimba hapo baada ya miaka mingi ataiona, ajiulize ni ya nini.

"Aulize fundi," alijibu Pandu. "Atamwambia, mwenzangu alikosea hapa."

Alikuwa anacheka, lakini Bi Shemsa anasema jioni ile alikaa kwenye baraza lake la Ng'ambo mpaka watu wote wakaondoka, na kahawa yake akaiacha ikapoa.

Zamu ya nyumba yao ya Ng'ambo ilifika mwezi uliopita. Vitu vilihamishiwa ghorofani kwa siku moja. Pandu aliomba ruhusa ya kutangulia wavunjaji. Paa aliliteremsha mwenyewe, milango akampa Wanu, kisha akalifikia baraza. Alikuwa na jembe mkononi, na gari la ng'ombe la Masoud limesimama mlangoni.

"Nlidhani ananiita nibebe kabati," anasimulia Masoud. "Naona ananipakilia udongo! Nikamuuliza, Pandu, Unguja nzima udongo umekwisha? Akaniambia, huu ushatuzoea."

Walikwenda mara tatu, Ng'ambo mpaka Fukwani, ng'ombe wakishangaa. Mzigo wote ulimwagwa nje ya uzio, kando ya mlango ambapo wanafunzi na wageni husubiri kuitwa ndani. Mwalimu Khelef alitoka kutazama. Alilitazama lile rundo, akautazama uzio, akampima Pandu kwa jicho.

"Ndani ya uzio ni miaka elfu nyuma," alisema taratibu.

"Na nje je?"

"Nje ni elfu moja mia tisa na sabini na mbili. Nje sina la kusema, mzee wangu. Ila hapo jua la saa nane litawachoma. Lisogeze kidogo lipate kivuli cha minazi."

Hivyo ndivyo shimo hili lilivyokuja kuwa nje, na ndiyo sababu Pandu anaukanyaga udongo wake mwenyewe. Mawe ya ndani yamepangwa wiki iliyopita. Tabaka la kwanza limekauka. Leo ni siku ya kusiriba.

Saa nne udongo unamridhisha. Anautwaa kwa viganja viwili, anaubandika, anauvuta, anarudi nyuma kutazama, anakwenda tena. Pembe anazizungusha kwa kiganja kama alivyofanya zamani Ng'ambo. Bi Shemsa anamletea maji kwenye kopo na kumwambia upande wa kulia una tumbo. Hauna. Anaupiga hata hivyo.

Wanafunzi wa kike wa skuli moja ya mjini wanafika kwa miguu kutoka kituo cha gari, viatu vimejaa vumbi. Mwalimu Khelef anawapitisha nyumba baada ya nyumba. Wanainama, wanaingia, wanatoka wakipiga chafya kwa moshi wa meko. Kwenye nyumba ya tatu Pandu anaitwa, maana habari ya shimo la makosa haina ladha mpaka aisimulie yeye. Binti mmoja anamuuliza kama yule fundi wa kale aligombezwa.

"Aligombezwa sana," anasema Pandu bila kusita, na Mwalimu anakohoa, kwa kuwa hilo nalo halina shahidi.

Baada ya alasiri jua linaanza kupoa. Gari la ng'ombe linasikika barabarani kabla halijaonekana. Ni Masoud, amepita na birika ya kahawa iliyofungwa kitambaa. Anasema alikuwa na safari ya upande huu. Hakuwa na safari yoyote.

Pandu amekwenda kunawa miguu. Masoud anafunga ng'ombe wake, analitazama baraza, analisifu kwa kutikisa kichwa, na kama mtu ambaye mwili wake umezoea kabla ya akili, anakwenda moja kwa moja mwisho, upande wa kushoto, anakaa.

"Masoud! Bichi hilo!" Bi Shemsa anapiga kelele. "Kanzu yako!"

Masoud anaruka. Kanzu yake ina duara jekundu nyuma, na baraza, lililokuwa laini kama sahani, lina shimo la makalio ya mtu mkonda. Bi Shemsa hana mbavu kwa kicheko. Masoud anaomba radhi kwa baraza, kwa Bi Shemsa, kwa kanzu.

Pandu anarudi mbio, maji bado yanamchuruzika miguuni. Anachota udongo kiganjani, anapiga goti mbele ya shimo lile. Kiganja kinabaki hewani. Kisha anautupa ule udongo kwenye shimo la kukanyagia na kupangusa mkono kwenye suruali.

Anasema mipango anayo. Akijaliwa uzima atakuwa akipanda ngazi zake kila jioni, maji ya mfereji ameshayapenda. Lakini alasiri yake ataimaliza hapa, na Masoud keshasema ng'ombe watazoea njia. Ana tamaa wenzake wa zamani wa baraza, waliotawanyika kila mmoja na ghorofa yake, watafika mmoja mmoja.

"Hulizibi?" anauliza Bi Shemsa, akilionesha shimo la Masoud. "Watu watasema fundi kazeeka."

"Liache likauke," anasema Pandu. "Siku moja watakuja wenye brashi wachimbe hapa. Nnataka waone kuwa tulikaa."

Anamimina kahawa, anamwonesha Masoud upande wa kulia, uliosiribwa mwanzo na umeshakauka.